Umehamia Nairobi na sanaa yako? Tafuta chumba kabla ya kutafuta jukwaa

NI Jumamosi jioni. Uko kwa bedsita yako Pipeline, bando imebaki kidogo, na kwenye simu unaona watu wa rika lako wakisoma mashairi mahali fulani penye taa za rangi. Unakagua picha moja baada ya nyingine: nani alikuwepo, nani aliketi na nani. Huko nyumbani Kakamega, Meru au Kilifi, kila mtu alijua wewe ndiye mchoraji, ama mwigizaji, ama yule kijana wa mashairi. Hapa Nairobi umemaliza miezi sita, na jirani wa mlango wa pili anachojua tu ni kwamba wewe huanika nguo Jumapili.

Kama hiyo ndiyo hali yako, usijilaumu haraka. Wageni wengi jijini hufikia uamuzi mmoja kati ya miwili: ama "kumbe sina kipaji", ama "sanaa ya Nairobi ina wenyewe". Uamuzi wa kwanza mara nyingi ni uongo unaojiambia ukiwa umechoka. Wa pili una ukweli ndani yake, ila si ule unaoudhania.

Nairobi haina uhaba wa majukwaa. Kila wikendi kuna shoo mahali. Kilicho adimu ni vyumba. Nikisema chumba, namaanisha mahali panapofunguliwa hata Jumanne mchana, ambapo unaweza kuketi ufanye kazi ambayo bado haijaiva, mtu aione, na wiki ijayo ukirudi umpate mtu yule yule. Urafiki wa kisanaa huanzia hapo. Na vyumba hivyo ni vichache kwa sababu zinazojulikana: kodi, siasa, na pesa za watu wengine. Ukizielewa sababu hizo utajua pa kwenda, na utajua pia wa kudai haki kwake.

Ulipoacha shule, uliacha nini?

Tuanzie ulikotoka. Kama ulisoma shule ya upili humu nchini, huenda uliwahi kuwa ndani ya jamii ya wasanii bila kuiita hivyo. Tamasha za shule za muziki na za maigizo humpa mwanafunzi vitu vinne ambavyo hatavipata tena kwa urahisi: mwalimu wa kusimamia, saa ya mazoezi isiyobadilika, basi la kuwabeba, na hadhira inayongoja. Mnaanzia ngazi ya chini, mnapanda hadi kaunti, mkibahatika mnafika kitaifa. Hulipii ukumbi. Hakuna anayekuuliza unajuana na nani. Saa ya drama ikifika, unaenda tu.

Halafu unafanya KCSE, unarudisha vitabu vya shule, na mambo yote hayo yanaisha siku moja. Hakuna daraja la kukuvusha kutoka kikundi cha shule hadi kikundi cha watu wazima. Kijana aliyeongoza kwaya ya shule anaweza kukaa Nairobi miaka miwili bila kuimba na mtu yeyote, labda kanisani pekee. Na hata kanisani kuna funzo: kwaya ya kanisa hudumu kwa sababu ina chumba, ina siku ya mazoezi, na mtu akikosa anaulizwa alikuwa wapi.

Angalia bendi tunazozisifu. Watatu kati ya wanne wa Sauti Sol walijuana wakiwa shule ya Upper Hill, kisha wakakutana na mpiga gitaa Polycarp Otieno pale Alliance Française. Wale wa Just a Band walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kabla ya umaarufu, kulikuwa na mahali ambapo walionana mara kwa mara bila kupanga sana.

Ukitaka kuona uzito wa kikundi kilichofanya mazoezi pamoja, kumbuka wasichana wa Butere mnamo Aprili 2025. Mchezo wao, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, ulikuwa umefungiwa nje ya tamasha la kitaifa mjini Nakuru hadi Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe kuigiza. Siku yao ilipofika, polisi walitumia vitoa machozi kuwatawanya watu nje, na Malala alikuwa amezuiliwa asiwafikie. Wasichana waliingia, wakakuta hakuna hadhira wala vifaa vyao. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Fikiria kama angekuwa msichana mmoja mwenye kipaji, amesimama peke yake mbele ya polisi. Uamuzi ule uliwezekana kwa sababu walikuwa kikundi kinachoaminiana.

Chumba ni cha nani?

Historia ya sanaa Nairobi ni historia ya kugombania vyumba. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ule ulio mkabala na hoteli ya Norfolk, ulifunguliwa 1952 wakati wa ukoloni. Mwaka wa 1976, nchi ikiwa na miaka 13 ya uhuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo waliutaka kwa mchezo wao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi. Kulikuwa pia na mchezo wa Francis Imbuga, Betrayal in the City. Waliishia kuvutana na wasimamizi wa ukumbi na kupewa siku chache tu, maana kalenda ilikuwa imewapa nafasi kubwa maonyesho ya kigeni. Jumba lilikuwa la taifa kwa jina, lakini ratiba ilikuwa na wenyewe.

Mwaka uliofuata, wakazi wa Kamĩrĩĩthũ kule Limuru walichukua njia nyingine. Wakulima, wafanyakazi na vijana walijijengea ukumbi wa wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha yao. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache. Mwisho wa Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Ngũgĩ alipofariki Mei 2025 tulizungumza sana kuhusu vitabu vyake. Wewe unayetafuta wenzako jijini, ukumbuke pia ule ukumbi. Hakuna serikali inayojisumbua kubomoa kitu kisicho na maana.

Baadaye vyumba vingine vilikuja. Kuona Trust ilianza 1995 ndani ya makavazi ya taifa, ikawapa wachoraji na wachongaji mahali pa kufanyia kazi. The GoDown ilifunguliwa 2003 katika ghala la zamani barabara ya Dunga, Industrial Area, ikakusanya wanamuziki, wachezaji densi na wachoraji chini ya paa moja. Mwaka huo huo jarida la Kwani? lilitoka, na waandishi chipukizi wakapata pa kusomeana kazi. Hata kabla ya hao, Elimo Njau na wenzake walikuwa wameanzisha Paa ya Paa mwaka wa 1965. Kituo hicho kiliteketea kwa moto 1997, na bado hakikuzimika.

Lakini uliza nani alikuwa akilipa. Sehemu kubwa ya pesa za vituo hivi ilitoka kwa wafadhili wa nje. Mfadhili ana mpango wa miaka mitatu, minne. Mpango ukiisha, anahamia kwa mada nyingine. Kuona Trust kama shirika iliyumba, na wasanii waliokuwa pale wakaendelea wenyewe kwa jina la Kuona Artists Collective. The GoDown ililazimika kuhama kwao Dunga kupisha ujenzi wa makao mapya. Hata leo, ukitembea katikati ya jiji ukitafuta mahali pa kuona shoo, densi au filamu bila kulipa pesa nyingi, kuna uwezekano utaishia Alliance Française ama Goethe-Institut. Hakuna aibu kwenda huko. Nenda, na uende mara nyingi. Jiulize tu kwa nini Wafaransa na Wajerumani ndio wenye nyumba unayokimbilia katika mji mkuu wa nchi yako.

Hii ndiyo maana halisi ya "sanaa ya Nairobi ina wenyewe". Wale wasee unaowaona kwenye picha hawakukutenga kwa makusudi. Walipata chumba wakati fulani, wakajuana humo, kisha chumba kikafungwa wao wakabaki marafiki. Sasa wanakutana kwa nyumba ya mmoja wao, ama kwenye kundi la WhatsApp ambalo hujaongezwa. Wewe umefika baada ya mlango kufungwa, na ukiwatazama kutoka nje wanaonekana kama ukoo mmoja.

Walioamua kutohama mtaa

Kuna kosa moja wageni hulifanya. Wanadhani sanaa iko Kilimani, Lavington na Westlands, kwa hivyo wakikosa nauli ya huko wanakata tamaa. Ni kweli kwamba kuna nafasi nzuri upande huo. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, iko kwenye jumba la maduka la Rosslyn Riviera, barabara ya Limuru, na ni mahali pa kwenda ukitaka kuona kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki zimepangwa kwa heshima. Ila kutoka Umoja au Kayole hiyo ni safari ya matatu zaidi ya moja kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Utaenda mara moja kwa mwezi ukijitahidi.

Sasa angalia upande wa pili. Maasai Mbili ilianza Kibera mwaka wa 2001, kazi ya wachoraji wawili wa mabango ya maduka. Wajukuu ilianzishwa na vijana wa Mukuru, eneo la Lunga Lunga, miaka ya mwanzo ya 2000. Wakafungua mahali pa kazi na pa kufunzia watoto wa mtaa kuchora. Mwaka wa 2022 Wajukuu walialikwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Kassel, Ujerumani kila baada ya miaka mitano, wakarudi na tuzo ya Arnold Bode. Walibeba mabati na umbo la nyumba za Mukuru hadi Ulaya. Hawakuhitaji kwanza kukodi studio upande wa magorofa ndipo waitwe wasanii. Brush Tu nayo ilianzia Buruburu, katika nyumba ya kawaida ya mtaa.

Usinielewe vibaya, sisemi umaskini una baraka. Nasema makundi haya yalidumu kwa sababu chumba chao kiko karibu na kitanda chao. Msanii akiweza kutembea hadi studio, ataenda hata siku ambayo mfukoni hana kitu. Akihitaji nauli ya 200 kwenda na kurudi, ataenda siku ya shoo pekee, na siku ya shoo hakuna anayekuwa na muda wa kuongea na mgeni.

Kwa hivyo kabla ya kutafuta mbali, tafuta karibu. Na usisahau maktaba. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilichukua jukumu la kufufua maktaba tatu za umma: McMillan iliyo katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi haikuruhusu Waafrika kuingia, pamoja na za Kaloleni na Makadara kule Eastlands. Maktaba ya mtaa ni mahali unapoweza kuketi bila kununua chai. Anayekuja kusoma pale kila Jumatano, utamjua uso baada ya wiki tatu.

Jinsi ya kuingia

Haya, umekijua chumba. Utaingiaje bila kuonekana umekuja kuomba?

Kwanza, chagua kimoja. Najua kuna matangazo kumi wiki hii, lakini ukihudhuria mahali kumi mara moja moja, utakuwa mgeni mara kumi. Ukienda mahali pamoja mara kumi, utakuwa mwenyeji. Piga hesabu ya nauli ya kwenda huko kila wiki kwa miezi miwili. Kama hesabu haikubali, tafuta pengine hata kama si pa kifahari.

Pili, nenda siku ambayo hakuna shoo. Jumamosi usiku mwenye mahali anakimbizana na umeme, spika na tikiti. Siku ya kawaida amekaa, anapaka rangi ama anangoja mtu wa kuongea naye. Msalimie vizuri, mwambie umehamia juzi na unafanya nini, umwombe kuangalia wanavyofanya kazi.

Tatu, shika kazi. Panga viti, beba spika, simamia mlango, andika majina ya wanaotaka kusoma. Kuna anayeona hiyo ni kujishusha, hasa kama kwao alikuwa staa. Lakini mwenye orodha mkononi huongea na kila anayeingia, na mwisho wa usiku atajua majina 30. Aliyekuja kusoma shairi lake moja na kwenda, watu watakumbuka shairi kidogo na yeye hata kidogo.

Nne, beba kazi iliyo nusu. Ukionyesha kilichokamilika watu watasema "iko poa" na mazungumzo yaishie hapo. Ukimwonyesha mtu mchoro ambao mkono umekushinda kuchora, ama ubeti wa tatu unaokataa, umempa sababu ya kukaa nawe. Uliza swali moja dogo linalojibika.

Tano, jipe muda wenye mwisho. Ukirudi mara nane na bado hakuna anayejua jina lako, ondoka bila kinyongo. Kuna vikundi vilivyofungika, na si kazi yako kuvifungua.

Kama wewe ni mshairi wa Kiswahili, hasa kutoka Pwani, kuna jambo jingine. Majukwaa mengi ya mashairi Nairobi huenda kwa Kiingereza na Sheng, na shairi lenye vina na mizani linaweza kukufanya ujione umevaa kanzu kwenye mechi ya kandanda. Usilifiche. Washairi wa Kiswahili walijua kujenga jamii bila chumba hata kabla ya simu: walituma tungo magazetini, mmoja akauliza, mwingine kutoka mji wa mbali akajibu kwa bahari ile ile, na wakajuana kwa majina ya utunzi miaka mingi kabla ya kuonana. Tuma shairi gazetini, mjibu mwenzako, kisha tafuta kama yuko jijini. Na siku ukisimama jukwaani, soma kwa lafudhi yako. Nairobi imejaa watu wa Pwani wanaokosa kuisikia.

Mambo ya kuogopa

Mgeni ni windo rahisi, kwa hivyo fungua macho. Anayekutoza ada ya "kusajiliwa" ili upate nafasi kwenye filamu ama tamasha kubwa, mkimbie. Anayekuambia atakulipa kwa kukutangaza, muulize kama mwenye ukumbi naye analipwa kwa kutangazwa. Kujitolea kwa kikundi ambacho kila mtu amejitolea ni sawa. Kufanya kazi ya bure kwa mtu anayeuza tikiti ni kunyonywa, hata kama anakuita "fam".

Kwa wasichana hesabu ni ngumu zaidi. Shoo nyingi huisha saa tatu, saa nne usiku, nauli imepanda, na kutoka kituoni hadi kwa mlango wako ni giza. Mnamo Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Hofu hiyo haiachwi mlangoni mtu akienda kusoma shairi. Kikundi kinachojali huanza mapema, hujua nani anaelekea upande gani, na hawatawanyiki kabla ya wote kupanda gari. Ukifika mahali ambapo anayeamua nani apande jukwaani ndiye anayetaka mkutane kwake usiku "kujadili kazi", umeshaona cha kutosha. Na wanaume waliopo wanaona pia. Kunyamaza kwao ndiko kunakowafanya wanawake wengi waache kuja.

Fanyeni kama chama

Labda umetafuta mtaani kwako na hakuna chumba kabisa. Basi mko wengi kuliko unavyofikiri, na kuna mfano ambao kila Mkenya anaujua: chama. Mama yako labda alikusomesha kwa chama. Chama kina siku yake, kina mchango unaojulikana, kina daftari, na kuna faini ya kuchelewa. Hakisubiri mfadhili.

Chukua mfano wa watu kumi mtaani: wawili wanachora, watatu wanaandika, mmoja ana gitaa, wengine wanaigiza. Kila mmoja akitoa 1,000 kwa mwezi, hiyo ni 10,000, ambayo katika mitaa mingi inatosha kukodi chumba kimoja cha kawaida. Kama 1,000 ni nyingi, anzeni kwa 200 na kuomba darasa la shule ama chumba cha kanisa siku za Jumamosi asubuhi. Wekeni daftari. Andikeni nani ana ufunguo. Amueni mapema mtu akiuza kazi iliyofanywa pale, kikundi kinapata asilimia ngapi, maana vikundi vingi hufa siku pesa ya kwanza inapoingia kuliko siku zile hakuna pesa. Na wekeni sheria moja ya wageni: kila mwezi siku moja mlango uko wazi kwa yeyote aliyehamia mtaa. Wewe unajua vizuri jinsi mlango uliofungwa unavyoonekana kutoka nje.

Kaunti nayo?

Chama kitawasaidia kumi. Jiji lina watu wengi zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu 4,397,073. Hawa hawawezi wote kuchangishana kodi ya vyumba, wala hawapaswi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani ya umma, pamoja na maktaba, makavazi na vifaa vya michezo na utamaduni. Kwa maneno mengine, chumba unachokitafuta ni kazi ya gavana na diwani wako kama ilivyo kazi yao kuzoa taka.

Na majengo mengine tayari yapo. Eastlands ina kumbi za kijamii zilizojengwa tangu enzi za ukoloni. Ule wa Kaloleni ulitumika kwa mikutano ya wanasiasa waliokuwa wakipigania uhuru. Swali la kuuliza kwa diwani ni dogo na linajibika: ukumbi wa kata yetu unafunguliwa siku gani, funguo ziko na nani, na kijana asiye na pesa anautumiaje mchana wa siku ya kazi? Kila mwaka kaunti hulazimika kuwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Mara nyingi vikao hivyo huwa na wazee na wanakandarasi, vijana wachache sana. Baada ya yale tuliyoyaona Juni 2024, hakuna mwanasiasa anayeweza kusema vijana hawajui kusoma bajeti. Wale waliosoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele wanaweza kusoma pia ukurasa wa utamaduni wa kaunti yao. Na uchaguzi ni Agosti 2027, kwa hivyo wagombea wataanza kupita mtaani wakiahidi "kuinua vipaji" kwa fulana na mashindano ya siku moja. Mwambie huhitaji fulana. Unahitaji mlango ufunguliwe Jumatatu hadi Jumamosi, taa na choo.

Hayo yatachukua muda, na wewe uko kwa bedsita leo. Kwa hivyo anza na kitu kidogo. Jumanne ama Jumatano hii, ukipata saa mbili, funga simu, beba daftari lako lenye ule ubeti unaokataa, uende kwenye maktaba, studio ama ukumbi ulio karibu zaidi na kwako. Labda siku ya kwanza hutaongea na mtu. Soma, chora, angalia nani anaingia. Ukitoka, muulize mlinzi wa lango nani huja pale mara kwa mara na huja siku gani. Walinzi hujua. Kisha rudi siku hiyo.